Tanuri Halijapoa

Lifti ya jengo lile haikuwa na adabu. Ilichagua kukwama asubuhi, wakati kila mtu anawahi kazini, na ilikwama ikiwa imejaa hadi mlango ulikuwa umejifunga kwa shida. Ndani walibanana makarani, wakili mmoja mwenye jasho, mama na mtoto mgongoni, na kwenye kona kabisa dada mmoja aliyevaa gauni la rangi ya haradali na viatu virefu alivyoazima kwa mdogo wake. Alikuwa amekumbatia boksi dogo kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Kazini kwake dada huyu alisifika kwa subira. Lakini asubuhi ile kulikuwa na mteja anamsubiri juu, wa kwanza kukubali kumsikiliza, na subira yote ilimwisha. Aligonga mlango kwa ngumi, akapaza sauti kwamba kama kuna fundi huko nje basi auvunje, lawama atabeba yeye. Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka upande wa pili, taratibu, kama mtu asiye na haraka na dunia.

"Dada, mlango haufunguliwi mpaka chumba kikae sawa na sakafu. Nikiufungua kabla, kuna mtu ataacha mguu humu. Wewe una miguu mingapi?"

"Miwili."

"Basi tuilinde yote."

Watu walicheka, hata wakili. Yeye alinuna, lakini alinuna huku mdomo ukimsaliti. Mlango ulipofunguka alimkuta amepiga goti moja sakafuni, ovaroli ya kijivu imepigwa pasi hadi mikunjo inakata, penseli nyuma ya sikio. Fundi alimpa mkono kila aliyetoka. Mkono wa dada wa haradali aliushika kidogo zaidi ya ilivyohitajika, na mwenyewe hakuuvuta. Fundi alimwuliza ndani ya boksi mna nini hata analilinda hivyo, naye akamjibu ukweli, kwamba mna pua.

"Za nani?"

"Za kuuza."

Fundi alicheka mpaka penseli ikaanguka. Na dada aliposhuka baadaye kutoka kwa mteja wake, ambaye alisema atafikiria, alimkuta fundi amesimama chini kabisa ya jengo, simu mkononi, anaomba namba. Alisema anaitaka kwa sababu za kikazi, ili siku lifti ikikwama tena ajue kama yumo ndani.

Hizo pua nizieleze kabla hatujaenda mbali. Ni vitu vidogo kuliko ukucha wa mtoto, vinavyowekwa ndani ya kengele ya ukutani ili kunusa ile hewa ya kuua ambayo pua zetu hazinusi, inayotoka kwenye jenereta au jiko likiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa. Kinachonusa hasa ni poda nyeupe ya oksidi ya zinki, yaani zinki iliyoshikana na oksijeni, na chembe zake ni ndogo mno hata vumbi la kawaida mbele yake ni jabali. Kazi ya dada huyu ilikuwa kuitengeneza poda hiyo na kuioka kwenye tanuri la umeme, katika karakana ndogo nyuma ya mtaa wa viwanda. Fundi aliposikia neno kuoka alimbatiza hapo hapo. Mpishi. Mpishi wa unga usiolika. Jina likakaa, na mpaka leo hana jingine katika hadithi hii.

Wakaanza kupigiana simu, na simu zao zilikuwa na utaratibu wake. Fundi anapiga mchana kuuliza kama Mpishi amekula. Mpishi anajibu bado, tanuri halijapoa. Anapiga jioni kuuliza kama watatoka kidogo, wakatembee tu barabarani watazame maduka. Tanuri halijapoa. Ikafika mahali fundi akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kama hilo tanuri nalo hujipaka manukato, maana hajawahi kuona mpinzani wa mapenzi mwenye tumbo la matofali. Mpishi alicheka hadi wenzake karakana nzima wakageuka. Ili kumaliza wivu huo, Jumamosi moja alimwalika aje alione.

Alisimama mbele ya tanuri katika koti lake jeupe la kazi, miwani imepandishwa kwenye nywele, akamweleza kwa mikono kama mwalimu. Oksijeni, alisema, zinakaa ndani ya poda kwa mpangilio, kama watu kwenye viti. Joto likipanda, baadhi yake zinanyanyuka na kuondoka, na kila inayoondoka inaacha pengo.

"Hiyo si kasoro?" fundi aliuliza.

"Ni kasoro. Lakini poda isiyo na pengo hainusi kitu, kwa sababu hewa mbaya inashikia hapo hapo penye pengo. Kwa hiyo tunayataka, ila machache, na yasizidi wala kupungua kila tunapooka. Ndiyo maana napoza polepole, na hewa safi inapita ndani, oksijeni zirudi vitini mwake, vibaki wazi vile vichache tu."

"Na ukifungua na moto wake?"

"Zinakosa nafasi ya kurudi. Poda inaganda na mapengo yote. Inakuwa pua ya wazimu, inanusa kila kitu, inapiga kelele ovyo."

Fundi alitazama mlango ule mzito wa chuma, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kumbe mimi na wewe kazi yetu moja, Mpishi. Mlango haufunguliwi mpaka mambo yatulie."

Hapo ndipo Mpishi alipompenda. Kabla ya hapo alikuwa anafurahia tu kupigiwa simu.

Fundi alikuwa mtoto pekee wa mama mjane, na huyo mama ni mtu wa kumjua. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mpokea simu katika kampuni kubwa, akiunganisha sauti za watu asiowaona, na alipostaafu alibaki na sauti ile laini kama mafuta. Hakusubiri kuletewa mchumba wa mwanawe. Alichukua namba kwenye simu ya kijana wake alipokuwa anaoga, akapiga mwenyewe.

"Hapa ni mama mkwe mtarajiwa. Nikuunganishe na nani?"

Mpishi nusura aangushe simu. Lakini kuanzia siku hiyo waliongea karibu kila asubuhi, mara nyingine bila hata fundi kujua. Mama alikuwa na maneno ya kuchekesha kuhusu kila jirani, na alikuwa mpweke, na Mpishi, ambaye mama yake alifariki yeye angali shule, alijikuta anaisubiri simu hiyo kuliko chai.

Siku ya kwenda kumwona uso kwa uso ilipangwa iwe Jumapili, mchana. Basi umeme nao ukachagua Jumamosi kukatika, tanuri likaanza kazi kwa kuchelewa, na Jumapili ile, wakati Mpishi yuko karakana peke yake, gauni la kijani chini ya koti la kazi, nywele zimesukwa upya, tanuri bado lilikuwa la moto ndani. Lilihitaji kuachwa mpaka jioni. Nje ya geti fundi alikuwa amevaa shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, anapiga simu.

"Mama ameshatandika meza. Ameshachungulia dirishani mpaka majirani wanauliza anamsubiri nani."

"Halijapoa."

"Leo tu, Mpishi wangu. Mlango wa tanuri hauna mguu wa mtu."

Alisema kwa utani. Mpishi naye alicheka. Akavaa glavu nene, akaufungua. Joto lilimpiga usoni akafumba macho, akatoa sinia kwa koleo, akaliweka juu ya benchi la mawe, akazima kila kitu na kukimbia huku anavua koti.

Chakula kilikuwa kitamu na kicheko kilikuwa kingi. Mama alimshika uso kwa mikono miwili pale mlangoni, akamwangalia sana, akasema, "Umekuja kwa wakati. Watu wangu wote huwa wananichelewea." Mpishi aliyaweka maneno hayo moyoni kama zawadi.

Siku hiyo hiyo aliona jenereta. Mama alikuwa ameliweka koridoni, hatua chache kutoka mlango wa chumba chake cha kulala, dirisha likiwa nusu wazi, kwa sababu aliamini likikaa nje litaibwa. Mpishi alimweleza hatari yake, fundi akasema amemweleza mpaka amechoka. Mama alijibu kwamba dirisha liko wazi na yeye si mtoto. Njia nzima ya kurudi Mpishi alikuwa anafikiria kengele ya kumpelekea.

Sheria ya karakana ilijulikana na kila mtu. Poda iliyofunguliwa kabla ya wakati hutupwa. Mpishi hakuitupa. Kesho yake aliipima, kwa udadisi tu, na loh, pua ile ilinusa haraka kuliko zote alizowahi kutengeneza. Ukiweka tone la hewa mbaya, tayari imelia. Alijua kwa nini. Alijua pia kwamba kitu kama kile hawezi kumuuzia mteja, maana hakitabiriki. Zile nzuri nazo zilikuwa zimeondoka zote wiki ileile, yule mteja wa ghorofani alikuwa amekubali mwishowe na kuzichukua. Basi akajiambia kwamba kwa mama mtu mzima, anayelala peke yake karibu na jenereta, pua yenye haraka ni afadhali kuliko yenye heshima. Kitu ambacho asingempa mgeni alimpa mama wa mwanamume anayempenda, na alikuwa anajivuna alipompa. Mimi nikifika hapa huwa natamani kumshika mkono, lakini haiwezekani.

Kengele ikatundikwa ukutani koridoni. Siku ya kwanza ililia mama alipokaanga vitunguu. Ya pili ililia alipojipulizia manukato. Ililia kwa dawa ya mbu, kwa rangi ya jirani aliyekuwa anapaka geti, na mara nyingine ililia bila sababu yoyote. Mama akaipa jina, Mjukuu, maana haina kazi ila kulia. Asubuhi simu ilikuwa hivi: "Habari za asubuhi, mwanangu. Nikuunganishe na mtoto wako? Ameamka vibaya." Wote watatu walicheka sana kwa jambo hilo, mwanzoni.

Kisha Mjukuu akaanza kulia usiku. Sauti ya mama kwenye simu ikapungua mafuta. Alipoulizwa, Mpishi alisema pua mpya huchukua muda kuzoea nyumba. Haukuwa uongo mtupu, na ndiyo maana ulitoka kirahisi. Ukweli wenyewe, kwamba alifungua tanuri na moto wake, aliona aibu kuusema. Alihofia fundi atamwona mzembe, na alihofia zaidi mama atajua kwamba zawadi ile ilitoka kwenye sinia la kutupwa. Akajiapia atairekebisha kimyakimya. Angeoka poda mpya, safari hii kwa utaratibu wote, na Mjukuu angebadilishwa bila mtu kuumizwa.

Ya kwanza ilitoka haijalingana, akaimwaga. Akaoka tena. Fundi alipiga simu.

"Mama halali, Mpishi. Utamletea lini nyingine?"

"Tanuri halijapoa. Vumilia, mpenzi. Safari hii sitaki kosa."

"Hata kesho?"

"Likipoa."

Siku ileile fundi alikwenda kwa mama yake jioni. Mvua ikaja, umeme ukakatika mtaa mzima, na mama alipobaki peke yake akawasha jenereta. Dirisha la koridoni alilifunga kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Hewa ile haina harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi tu, na mama alikuwa na usingizi wa siku nyingi. Asubuhi jirani alisikia jenereta limezimika lenyewe, akaona mlango haujafunguliwa, akampigia fundi.

Na Mjukuu, ukutani pale, hakuwa amelia hata mara moja. Mpishi aliambiwa hivyo akiwa karakana. Alijua mara moja, au alidhani anajua. Pua yenye mapengo mengi hulia ovyo mpaka inachoka, na siku inapotakiwa inakufa. Yeye ndiye aliyeitundika pale.

Siku ya mazishi alikwenda amevaa nguo nyeusi ya kuazima, akasimama nyuma ya watu wote. Fundi alikuwa amezungukwa na jamaa, macho mekundu, shati lile lile jeupe. Watu walipoanza kutawanyika, Mpishi alimsogelea. Alikuwa amepiga moyo konde kusema yote. Fundi alimtazama kama mtu anayemtazama aliyemkanyaga kidonda.

"Tanuri limepoa?"

Basi. Mpishi aliona kwamba fundi anajua kila kitu, na kwamba yeye ameshahukumiwa, na kwamba ni haki. Aligeuka akaondoka kati ya makaburi bila kumjibu. Hakupiga simu tena. Naye hakupigiwa, na kila siku ambayo simu ilikaa kimya aliihesabu kuwa jibu.

Alibaki kazini. Alikuwa mkali sana sasa, akifunga mlango wa tanuri na kuweka ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, na wafanyakazi wapya walimwogopa. Pua zake zilipata sifa, wateja wakaongezeka, na kwenye jengo lile refu alikokuwa na wateja wengi alipanda kwa ngazi, ghorofa zote, mwaka mzima na zaidi, ili asikutane na mtu mmoja. Akiulizwa anasema ni mazoezi.

Siku moja mguu ulimuuma. Boksi lilikuwa zito, akajiambia mara moja tu haiwezi kuwa kitu, akabonyeza kitufe cha lifti. Mlango ulipofunguka, fundi alikuwa amepiga goti ndani, kifuniko cha vitufe kimefunguliwa mbele yake. Alikuwa amekonda. Ovaroli haikuwa imepigwa pasi. Walitazamana mpaka mlango ukataka kujifunga, fundi akauzuia kwa mkono.

"Nilikuwa nakutafuta," alisema. "Yaani nilikuwa nataka kukutafuta. Sikuthubutu."

Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba wapangaji wanaingia nyumba ya mama kesho, mume na mke, wana mtoto mchanga. Amelitoa jenereta nje na kulijengea kibanda chenye kufuli. Lakini hawezi kuwapa ile nyumba bila kengele, na kengele ya dukani hataki.

Mpishi alikaa kwenye ngazi, pale pale alipokuwa anapita kila siku kumkimbia. Alifungua pochi yake. Kwenye mfuko wa ndani wenye zipu kulikuwa na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa pamba.

"Uliniuliza swali," alisema. "Tanuri lilipoa siku ile ile tuliyomzika. Nilitoka makaburini nikaenda kulifungua. Hii ndiyo pua niliyokuwa namtengenezea. Nimetembea nayo tangu wakati huo."

Kisha alisema lile alilokwenda kulisema makaburini. Kwamba ile ya kwanza aliitoa tanurini na moto wake, siku ya chakula, ili asichelewe kwa mama. Kwamba alijua ni mbovu, akadanganya kuwa inazoea nyumba, na ilipotakiwa kulia haikulia. "Mimi ndiye niliyemuua mama yako. Wewe ulijua, na ulikuwa na haki."

Fundi alikaa chini polepole, ngazi moja chini yake. Watu walipita wakiwa wameshika mafaili, wakawazunguka.

"Sikujua lolote katika hayo," alisema. "Na haikukaa kimya kwa ubovu. Nilitoa betri."

Mpishi hakuelewa. Fundi alirudia, akiitazama mikono yake.

"Jioni ile. Mama alinishika mkono akaniomba, akasema nipe usiku mmoja tu nilale, mwanangu. Nikapanda kiti nikazitoa, nikazitia mfukoni. Alinishukuru. Niliondoka na betri zake mfukoni, Mpishi. Lile swali nilikuuliza ili kosa liwe lako, mimi nipate pa kupumulia. Sijapata."

Mpishi alikuwa ameibeba lawama ile peke yake mpaka ilikuwa kama sehemu ya mwili wake, na sasa alipoambiwa nusu si yake hakusikia wepesi. Alisikia tu kwamba kuna mtu mwingine aliyekuwa anaumia vilevile, mtaa wa pili, na kwamba wangeweza kulia pamoja mwaka mzima.

"Na mimi ndiye niliyesema mlango wa tanuri hauna mguu wa mtu," fundi alisema. Akaficha uso.

Kesho yake asubuhi walikutana kwenye nyumba ya mama. Vyumba vilikuwa vitupu na vimepakwa rangi, isipokuwa koridoni, ambako fundi alishindwa kupaka. Palikuwa na alama nyeupe ya mviringo pale Mjukuu alipokuwa ametundikwa. Alipanda kiti, akaifunga kengele mpya mahali pale pale, na alipofika kwenye betri Mpishi akakishika kiti kwa mikono miwili.

Ilibidi kuijaribu. Walifunga dirisha. Mpishi alitoa kiberiti cha gesi, akaachia gesi kidogo chini ya kengele bila kuwasha. Ikalia. Ilikuwa sauti ile ile, inayoingia kwenye meno, na katika nyumba ile tupu ilikuwa kubwa kupita kiasi. Fundi alinyanyua mkono kama anayetaka kuizima, akaurudisha. Mpishi akafungua dirisha. Upepo ukaingia, na baada ya muda mfupi kengele ikanyamaza yenyewe.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Hewa imekuwa safi, basi imetulia. Ndivyo inavyotakiwa kufanya."

Fundi aliiangalia kengele iliyonyamaza. Aliisubiri ilie tena, kama ile ilivyokuwa inafanya, na haikulia. Nje mtu alikuwa anakaanga vitunguu, harufu ikaingia na dirisha, na bado haikulia.

"Mama angelala," alisema.

Hapo wote wawili walivunjika. Mpishi alilia kama hakuwahi kulia kwenye msiba wenyewe, amekaa sakafuni na gauni lake zuri, na fundi alimshika kichwa akalilia kwenye nywele zake.

Wapangaji walikuja na gari la mizigo. Mke alikuwa msichana mchangamfu, mtoto begani, na kitu cha kwanza alichouliza ni kile kidude cha ukutani. Fundi alimweleza kwamba kikilia watoke nje kwanza, wote, halafu ndiyo waulize sababu. Alikuwa anaongea vizuri, kama fundi anayekabidhi kazi.

"Na msitoe betri," alisema. "Kikiwaudhi vipi, hata kama hamjalala, hata mtu akikuomba kwa machozi, usitoe." Kisha akageuka kutazama ukuta.

Msichana alishangaa. Mpishi akamwandikia namba yake kwenye kipande cha karatasi.

"Kikilia ovyo nipigie," alimwambia. "Nitakuja siku hiyo hiyo, dada. Hata niwe na kazi gani."

Walitoka pamoja mpaka barabarani. Fundi alikuwa na funguo za ziada mkononi, anazigeuzageuza. Alisema hajui kama anaweza kumwomba arudi, maana kila akimwona anamwona mama anacheka mezani, halafu anaikuta meza tupu. Mpishi alisema hata kwake ni hivyo, na kwamba anampenda vilevile kama zamani, na kwamba pengine kupenda peke yake hakutoshi kwa watu wawili waliofanya walichofanya. Hawakupeana ahadi. Fundi alimshika mkono kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Jioni Mpishi alikuwa jikoni kwake, maji yanachemka, simu ikaita. Namba hiyo haikuwa imemwita tangu mvua ile. Aliipokea, na sauti ya fundi ikatoka, nzito, ikijaribu kuwa laini kama ya mtu mwingine.

"Nikuunganishe na nani?"

Mpishi alizima jiko. Akavuta kiti, akakaa.

"Na mama," alisema.

Upande wa pili ulianza kulia. Naye akalia, simu sikioni, na hakuna aliyeikata.